Usianze na ngazi: jibu kwa mwalimu anayefundisha umbo la DNA

Mwalimu mmoja wa sekondari ameuliza hivi: "Ninafundisha baiolojia kidato cha nne, darasa lina wanafunzi 70 na kitu. A na T, G na C wanaijua kama wimbo, lakini nikiwauliza kwa nini A isikae na C, kimya. Maabara ya maana hatuna, projekta hatuna. Nina vipindi viwili vya dakika 80 kabla sijaingia kwenye urithi. Nianzie wapi? Na lile zoezi la kutoa DNA kwenye ndizi lina faida yoyote au ni mchezo tu?"

Mwalimu, kimya hicho hakitokani na ugumu wa mada. Kinatokana na tunavyoianza. Tunaingia darasani, tunachora DNA kama ngazi ubaoni, tunaisokota kidogo, tunaandika A–T na G–C kwenye vipandio, kisha tunasema nakilini. Mwanafunzi anapewa jibu kabla hajajua kwamba kulikuwa na swali. Atakaa nalo kichwani mpaka siku ya mtihani, na mtunga mtihani akiligeuza kidogo tu, mtoto hana pa kushika.

Mimi ningeifukuza ngazi ubaoni kwa nusu saa nzima ya mwanzo. Iache itoke mikononi mwao wenyewe. Kukosa maabara si kikwazo kwa kipindi hiki: utahitaji maboksi ya dukani, mikasi, rula na chaki.

Anza na namba. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Erwin Chargaff, mkemia wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, alikuwa akivunja DNA ya viumbe mbalimbali na kupima kila besi, yaani vile vipande vinne vya A, T, G na C, imo kwa kiasi gani. Andika ubaoni matokeo ya vipimo vya namna hiyo, kwa asilimia, bila maelezo yoyote:

Binadamu: A 29.3, T 30.0, G 20.7, C 20.0
Mahindi: A 26.8, T 27.2, G 22.8, C 23.2
Hamira: A 31.3, T 32.9, G 18.7, C 17.1
Bakteria E. coli: A 24.7, T 23.6, G 26.0, C 25.7

Kisha nyamaza. Waambie wakae wawiliwawili wakuambie wanachokiona. Haitapita dakika tano kabla mmoja hajasema A inakaribiana na T, na G inakaribiana na C. Mwingine, kwa kawaida yule mbishi wa nyuma, atasema mbona kwenye hamira 31.3 na 32.9 si sawa. Usimkatize. Mwulize kama wangepima vizuri zaidi tofauti hiyo ingeongezeka au ingepungua, halafu muache alifikirie.

Jambo la pili kwenye namba hizo walimu wengi huliruka, nami naliona zito kuliko la kwanza: safu zinatofautiana. Mahindi si hamira, hamira si binadamu. Kabla ya Chargaff wanakemia wengi walifuata wazo la Phoebus Levene kwamba besi nne zimo sawa kwa sawa na zinajirudia kwa utaratibu uleule mwanzo hadi mwisho. Molekuli ya namna hiyo isingeweza kubeba maelekezo yoyote, na ndiyo sababu mojawapo watu walidhani urithi umo kwenye protini. Darasa likishaona kwamba kila kiumbe kina kiasi chake, umeshapanda mbegu ya somo la jeni kabla hujalitaja.

Sasa maboksi. Wasimulie kwa ufupi: Februari 1953, katika Maabara ya Cavendish, Cambridge, James Watson na Francis Crick, waliokuwa wakitafuta umbo la DNA, walikuwa wanasubiri karakana iwachongee vipande vya chuma vya besi. Watson akachoka kusubiri, akakata vya kadibodi. Alikuwa ameshajaribu kuoanisha kila besi na mwenzake wa aina ileile, A na A, G na G. Jerry Donohue, mkemia Mmarekani waliyekuwa naye ofisi moja, akamwambia michoro ya besi aliyoitoa vitabuni ina kasoro, baadhi ya atomi za hidrojeni zimewekwa mahali pasipo pake. Tarehe 28 Februari, akiwa na vipande vilivyorekebishwa, Watson aliona mezani kwamba A ikikaa na T inatoa umbo lenye upana uleule wa G ikikaa na C. Wanafunzi wako watafanya kazi hiyohiyo kwa vifaa vilevile. Hilo waambie, linawapa moyo kuliko video yoyote.

Kadi zikatwe hivi, na hapa nakuomba uwe makini kidogo kwa sababu kadi zikikosewa zoezi zima linaharibika. Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa kila nanomita 0.1. Adenini (A) na guanini (G) zina pete mbili, kwa hiyo kadi zake ziwe na urefu wa sentimita 6.5. Thaimini (T) na saitosini (C) zina pete moja, ziwe sentimita 4.5. Kwenye ukingo wa kulia wa kila kadi chonga meno na mapengo. Jino ni mahali ambapo besi inatoa hidrojeni, pengo ni mahali inapoipokea. Kuanzia juu kwenda chini, A ina jino kisha pengo; T ina pengo kisha jino; G ina pengo, jino, jino; C ina jino, pengo, pengo. Nafasi ya kwanza iwe usawa mmoja kwa kadi zote, vivyo hivyo ya pili. Andika JUU kwenye ukingo wa juu, na herufi ya besi pande zote mbili. Upande wa mbele peke yake weka nukta nyekundu. Nukta hiyo usiieleze kwanza.

Wagawe katika makundi ya watu saba, kila kundi kadi tatu za kila aina, na masharti mawili: urefu wa jozi zote uwe sawa, na kila jino liingie kwenye pengo. Usitaje nani anakaa na nani. Watahangaika, na katika kuhangaika huko ndiko somo liliko. A na G zinafika sentimita 13, T na C zinaishia 9, kwa hiyo upana wenyewe unawaambia kwamba kadi ndefu lazima ikae na fupi. Lakini upana peke yake hautoshi, kwa maana A na C nazo zinatoa sentimita 11 kamili. Zilaze mezani: jino linagonga jino. G na T? Juu pengo linatazamana na pengo, chini yake meno yanagongana. Zinabaki A na T kwa bondi mbili za hidrojeni, G na C kwa bondi tatu. Hilo ndilo jibu la swali ulilowauliza wakanyamaza, na safari hii watakuwa wamelishika kwa vidole.

Atatokea mjanja atakayeipindua A kichwa chini akuonyeshe kwamba inaingiana na C. Mpongeze, kisha mwonyeshe neno JUU. Kila besi imeshikwa na sukari yake kwenye kona maalumu, haiwezi kupinduliwa hivyo bila kuing'oa kwenye uzi, yaani mnyororo wa sukari na fosfeti unaobeba besi. Ubishi wa namna hii ukitokea, ujue kipindi kinaenda vizuri.

Sasa waulize kuhusu nukta. Kwa kuwa meno yote yako ukingo wa kulia, katika kila jozi kadi moja imelazimika kulazwa kifudifudi. Jozi zote, bila kubakisha. Kwa nini?

Hapo watoe nje. Huu ndio upande wa DNA unaofundishwa vibaya kuliko mwingine wote: kwamba nyuzi mbili zinakwenda pande zinazopingana. Vitabu vinaziita ncha mbili za kila uzi 5′ na 3′, vinaandika 5′ juu kushoto na 3′ juu kulia, mwanafunzi anazinakili kama namba za simu. Badala yake, panga wanafunzi kumi kwenye mstari mmoja na kumi wengine kwenye mstari wa pili, wakitazamana. Kila mmoja avae kadi ya besi shingoni, na anayemkabili avae mwenzi wake. Kila mmoja amshike jirani yake, mkono wake wa kulia ukishika mkono wa kushoto wa jirani. Mkono wa kushoto ni fosfeti, yaani upande wa 5′. Wa kulia ni upande wa 3′ wa sukari. Kisha uliza: nani ana mkono wa kulia usioshikwa na mtu? Katika mstari wa kwanza yuko mwisho wa huku, katika mstari wa pili yuko mwisho wa kule. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Imetokea kwa sababu wanatazamana, na kutazamana ndiko kulikolazimisha kadi moja ilale kifudifudi kule mezani.

Wakiwa wamesimama hivyohivyo, unaweza kupata kunakiliwa kwa DNA bure. Mistari iachane, waliobaki waingie mmojammoja kukabiliana na mwenzi anayewafaa. Sheria ni moja: anayeingia hutoa mkono wa kushoto kuushika wa kulia ulio wazi, si vinginevyo. Seli nayo huongeza nyukleotidi mpya (besi pamoja na sukari na fosfeti yake) kwenye mwisho wa 3′ tu. Wataona mara moja kwamba nyuzi mbili mpya zinajengwa kuelekea pande tofauti. Wale watakaokwenda kidato cha tano watakukumbuka kwa hili, kwa sababu kule watakutana na habari ndefu ya uzi mmoja kujengwa vipande vipande. Wewe usiifungue sasa.

Mkirudi darasani, ngazi iruhusu iingie, lakini iingie ikiwa na lawama zake. Michoro mingi inaacha nafasi kubwa kati ya kipandio na kipandio, na hapo inadanganya. Kwa kipimo chetu, DNA nzima pamoja na sukari na fosfeti ina upana wa sentimita 20, na kutoka jozi moja hadi nyingine ni sentimita 3.4 tu. Besi ni bapa na zimelala moja juu ya nyingine karibu kugusana, na kulaliana huko kunachangia sana kuishikilia molekuli, pengine kuliko bondi za hidrojeni tunazozisifu. Ukiwa na nafasi jioni moja, toboa jozi kumi katikati, zipenyeze kwenye fimbo kwa umbali wa sentimita 3.4, na kila moja izungushe digrii 36 kutoka kwa iliyo chini yake. Kwa sentimita 34 utakuwa umekamilisha mzunguko mmoja, kama ilivyo kwenye DNA yenyewe, yenye takriban jozi kumi kwa kila mzunguko. Hakikisha unazungusha upande sahihi: uzi ulio mbele ya macho yako uwe unapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Nembo nyingi za taasisi zimechora kinyume, na wanafunzi wakishaijua sheria hii hufurahia kuzikamata.

Na kwa kuwa una kipimo, wape hesabu ya nyumbani. Seli moja ya mwili wa binadamu ina jozi za besi kama bilioni 6. Zidisha kwa nanomita 0.34, unapata karibu mita 2. Kipimo chetu kinakuza mara milioni 100. Kwa ukubwa huo DNA ya seli moja ingekuwa na urefu wa kilomita 200,000, yaani mara tano kuizunguka dunia kwenye ikweta, na kiini cha seli chenye kipenyo cha mikromita 6 kingekuwa na upana wa mita 600. Swali la jinsi hiyo inavyoingia humo litakupeleka kwenye kromosomu bila kusukumwa.

Kipindi cha pili ndipo ndizi inapoingia. Umeuliza kama ni mchezo. Ikifanywa kwanza, ndiyo, ni mchezo: wanaona utando mweupe, wanashangilia, wanapiga picha, wanaondoka bila kitu. Ikifanywa baada ya kadi, kila hatua yake ina sababu wanayoweza kuitaja.

Ponda nusu ya ndizi mbivu kwenye mfuko. Changanya nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mimina humo, tikisa polepole dakika chache bila kutoa povu. Chuja kwa chujio la chai kwenye glasi inayoonyesha. Kisha inamisha glasi na umimine taratibu, ukingoni, spiriti iliyolala kwenye barafu, kiasi kinacholingana na maji ya ndizi. Hakikisha hakuna moto wala kiberiti karibu. Subiri bila kutikisa. Mpakani mwa vimiminika viwili utaona nyuzinyuzi nyeupe zikipanda.

Waulize kazi ya sabuni: inavunja utando wa seli na wa kiini, ambao ni mafuta. Kazi ya chumvi ndiyo swali la maana. Fosfeti zina chaji hasi na ziko nje ya molekuli, zinasukumana na zinapenda maji. Sodiamu ya chumvi inazituliza, na spiriti inapoingia DNA inashindwa kubaki majini, inajikusanya. Maelezo haya hayana maana kwa mtu asiyejua kwamba fosfeti ziko nje.

Na kujua ziko nje hakukuwa jambo dogo. Mwishoni mwa 1951 Watson na Crick walitengeneza modeli ya nyuzi tatu, fosfeti zikiwa ndani. Rosalind Franklin wa King's College, London, alipoitazama aliikataa pale pale: vipimo vyake vilionyesha DNA inanywa maji mengi, kwa hiyo sehemu zinazopenda maji lazima ziwe nje. Mwanzoni mwa 1953 Linus Pauling, aliyekuwa miongoni mwa wanakemia wakubwa kabisa wa wakati ule, naye alichapisha modeli ya nyuzi tatu yenye kosa hilohilo. Picha maarufu ya eksirei ya DNA, ile ya namba 51, ilipigwa Mei 1952 na Raymond Gosling akisimamiwa na Franklin. Watson alionyeshwa na Maurice Wilkins, mtafiti mwenzake Franklin pale King's, Januari 1953 bila Franklin kujua. Na ni kwenye vipimo vya Franklin kwamba Crick alitambua nyuzi zinakwenda kinyume, kwa kuwa ulinganifu wa fuwele za DNA ulionyesha molekuli ukiipindua kichwa chini inabaki vilevile. Makala ya Watson na Crick ilitoka kwenye jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953. Franklin alifariki 1958 akiwa na miaka 37, na tuzo ya Nobel ya 1962 wakapewa Watson, Crick na Wilkins. Darasa lako lina wasichana; hadithi hii isiwe ya dakika moja.

Kama kuna mwanafunzi mwenye kurunzi ya leza, toa springi ndogo kwenye kalamu ya kubonyeza, pitisha mwanga katikati yake kutokea ubavuni, chumbani penye giza, ukutani mita chache mbele utaona alama ya X. Ndiyo X ya picha namba 51, ishara ya kitu kilichosokotwa. Leza isielekezwe machoni mwa mtu, na ushike wewe mwenyewe.

Onyo moja kuhusu ndizi: wasiondoke wakidhani wameona nyuzi mbili zilizosokotana. Walichokiona ni mamilioni ya molekuli zilizong'ang'aniana pamoja na protini na, kwa matunda, pektini (ule ute wa matunda) si haba. Umbo lenyewe halionekani kwa macho.

Video kwenye simu onyesha ukipenda, baada ya yote haya. Kabla yake, hapana.

Dakika za mwisho za kipindi cha pili zitumie kwa ugonjwa wa selimundu. Karibu kila darasa la Tanzania lina mtu mwenye ndugu au jirani anayeumwa, hivyo ongea kwa staha. Kwenye jeni ya beta globini, sehemu ya hemoglobini ya damu, mahali penye GAG panakuwa GTG. Wape kadi wajenge jozi hizo tatu, kisha wabadilishe ile ya katikati: A–T imekuwa T–A. Waulize upana umebadilika? Hapana. Meno? Yanaingiana kama kawaida. Msokoto hautambui chochote. Hata ukivunja na kuhesabu besi kama Chargaff, utapata namba zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio tu, na kwa mpangilio huo asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja cha protini, kwenye hemoglobini inabadilika, seli nyekundu zinajikunja, mtoto anaumwa maisha yake yote. DNA inaweza kubeba ujumbe wowote kwa sababu umbo lake linaukubali mpangilio wowote.

Kuhusu kupima kama wameelewa: maswali ya "A ni asilimia 22, tafuta C" yape nafasi kidogo, maana atakayekariri naye atapata 28. Wape hili badala yake. Sampuli ya DNA imepimwa na kukutwa na A 24.0, T 31.2, G 23.3, C 21.5; eleza. Namba hizi ni za kweli, za virusi vinavyoshambulia bakteria viitwavyo φX174, ambavyo Robert Sinsheimer alionyesha mwaka 1959 kwamba DNA yake ina uzi mmoja tu. Atakayeandika kwamba mpimaji amekosea, mpe nusu ya alama, kwa kuwa ameona A hailingani na T na anajua ilipaswa kulingana. Atakayeandika kwamba besi hizi hazina wenzi wa kukabiliana nao, mpe zote, hata kama hakutumia neno "uzi mmoja".